Beleshi la Shaba la Corliss

Verlene Tubbs alikuwa jikoni akimkaangia mdogo wake mayai yasiyotiwa chumvi pale theluji ilipoanza kuanguka kwenye kile kipande cha Mtaa wa Larkin kilicho ng'ambo ya reli. Ilishuka taratibu, mapande makubwa makubwa, juu ya paa lake, juu ya nyumba mbili za jirani zilizohamwa na kupigiliwa mbao madirishani, na juu ya barabara ya mbele mpaka pale reli inapokatiza. Upande wa pili wa reli mji mzima wa Corliss ulikuwa mkavu. Ilikuwa Januari na watu walikuwa wanatembea makoti wazi. Verlene alichungulia dirishani, akapunguza moto, akamwambia Ozell kwamba theluji imekuja. Ozell akauliza imekuja wapi. Akamwambia kwetu. Ozell akasema basi imeona mahali ambapo haitasumbuliwa, akavuta sahani yake.

Alikuwa anasema kweli. Greda la theluji la Halmashauri yetu hufika relini, hugeuza, na kurudi lilikotoka. Lilikuwa linageuza hapo hapo tangu baba yao alipokuja kutoka Alabama kufanya kazi kwenye kiwanda cha chuma na kuinunua ile nyumba. Enzi hizo mtaa ulikuwa umejaa watu na walichimba wenyewe, baba na watoto, wakiimba na kutukanana. Sasa wamebaki Verlene na Ozell. Kila mwaka Verlene alipiga simu kuulizia greda, na kila mwaka alijibiwa kwa adabu kwamba njia za magreda zinapitiwa upya. Sisi Corliss ni watu wa adabu sana kwenye simu.

Sasa, mtu asiyetujua atashangaa kwa nini theluji ile ilitufurahisha. Ni kwamba hatuna kitu kingine. Kiwanda kilifungwa, bandari imejaa nyasi, na timu yetu ya mpira nisiizungumzie, nitaharibu siku yangu. Lakini kuna Beleshi la Shaba. Kila mwisho wa Aprili hupewa mji wa kando ya ziwa ulioangukiwa na theluji nyingi kuliko mingine, na kwa miaka mingi limekaa kwenye kabati la kioo pale halmashauri, linang'aa, na watoto wa shule hupelekwa kulitazama. Port Amity, walio mbele kidogo kando ya ziwa, huwa wa pili. Ni watu wanaotia zabibu kavu kwenye saladi ya viazi. Wao nao husema taa zetu za barabarani huwa nyekundu kwa aibu. Tumeshindana nao tangu babu zetu, na sidhani kama kuna anayetaka kuacha.

Mwaka ule mawingu yalitupita kama hayatujui, yakaenda kumwaga mzigo wote Port Amity. Kufikia Krismasi walikuwa wametuacha mbali. Walitutumia sanduku la barafu lenye bonge moja la theluji ndani na kadi iliyosema wametuhurumia. Magreda yetu yaliendelea kutoka kila alfajiri kwa mujibu wa ratiba, yakikwangua lami kavu mpaka cheche zikaruka, yakimwaga chumvi juu ya vumbi. Hatukucheka. Mtu hucheka jambo la mwenzake.

Kwa hiyo habari za Mtaa wa Larkin zilipofika, Stan Wojtkowiak hakumaliza hata kahawa yake. Stan ni mpeleka barua mstaafu, na ndiye mpimaji wetu wa theluji, kazi anayoifanya bure na kwa wivu. Alivuka reli kwa miguu, ubao wake mweupe kwapani na rula mfukoni, akamwomba Verlene ruhusa ya kuuweka ubao uani. Kanuni za shindano zinasema theluji ya popote ndani ya mipaka ya mji inahesabika, mradi iangukie ubao na isiguswe. Verlene alimkubalia pale pale. Huyo mama ni Corliss mpaka kwenye mifupa. Aliendesha basi la shule hapa maisha yake yote, na binti yake alipoolewa na mwanamume wa Port Amity alikwenda harusini amevaa jaketi la timu yetu. Alimwambia Stan, "Waambie wale watu wakae chini. Bado hatujaamka."

Ikaendelea kuanguka. Ilianguka usiku na mchana, Larkin tu, na haikuvuka reli hata kwa bahati mbaya. Tukawa tunakwenda kuitazama. Jioni za Ijumaa, baada ya kula samaki wa kukaanga kanisani, familia nzima nzima zilisimama upande mkavu na kupiga makofi kila Stan alipotangaza inchi mpya. Watu walimletea Verlene donati, mabawa ya kuku, na bakuli za makaroni na jibini, wakazipanga kando ya reli, naye akawa anakuja kuzichukua. Tulimpenda, hilo lisisahaulike. Gazeti lilimpiga picha likaandika kwamba ameubeba mji mgongoni.

Aliyekuwa amembeba hasa ni Ozell. Sukari ilikuwa imemkata Ozell mguu mmoja na kumuua figo, na ilimbidi aende kusafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwenye kliniki iliyo mitaa michache tu kutoka pale, mitaa mikavu mitupu. Gari la kliniki lilikuja mpaka relini, likageuza. Kutoka relini mpaka mlangoni pake palikuwa na theluji ya kumfika mtu kiunoni, na kiti cha magurudumu hakiogelei.

Verlene alichimba. Alfajiri za siku zile tatu alifunga kitambaa kichwani, akavaa buti za marehemu mumewe, akafungua njia kutoka ngazini mpaka relini, na njia ikawa inajifunika nyuma yake. Ilibidi atupe upande wa kushoto tu, ubao wa Stan usije ukaguswa. Akifika relini alirudi akichimba tena ile ile, akamtoa Ozell, akamsukuma kwa kifua. Ana miaka sitini na saba. Alimwambia Stan hajisikii kuchoka, anasikia hasira, na hasira inachimba vizuri tu. Stan alimpa chai kutoka kwenye chupa yake. Kumsaidia hakuweza, maana mpimaji haruhusiwi kugusa theluji anayoipima, na Stan ni mtu wa kanuni.

Mara moja wazima moto walikuja kwa miguu, wakambeba Ozell juu juu kama bwana harusi, na tukawapigia makofi hao pia. Kesho yake Halmashauri ikaagiza wasirudi bila kibali, kwa sababu buti zao zilikuwa zimeacha mtaro karibu mno na ubao.

Meya alikuja mwenyewe, Bi Pruitt, amevaa viatu vizuri, akasimama upande mkavu. Verlene alimwambia hataki donati, anataka greda. Meya alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema hakuna anayelitaka greda lile mtaani kwa Bi Verlene kuliko yeye Meya, ila wataalamu wamemweleza kwamba mtikisiko wa greda utaifanya theluji ishindilike ubaoni, na inchi zitapotea. Akamwomba avumilie mpaka mwisho wa Aprili. Verlene akauliza, na miaka ile mingine ambayo hapakuwa na ubao? Meya akasema njia za magreda zinapitiwa upya.

Mwezi wa Machi tulikuwa tumewakaribia Port Amity kiasi kwamba Stan hakulala. Ijumaa moja theluji ilishuka kwa fujo, njia ya Verlene ikabomoka pande zote mbili akiwa katikati, na mpaka alipojitoa na kufika relini gari la kliniki lilikuwa limekwisha kuondoka. Jumamosi asubuhi vidole vya Ozell vilikuwa vimevimba hata pete haisogei, na alikuwa anapumua mdomo wazi, ameketi, kwa kuwa akilala anazama kwa maji yaliyomjaa kifuani. Wazima moto walisema wameomba kibali na ofisi inafunguliwa Jumatatu. Ozell alimwambia dada yake asihangaike, hata hivyo ameishi. Verlene akamwambia funga mdomo.

Ndipo akampigia simu mkwewe. Hakuwahi kumpigia hata mara moja. Dwayne Purcell ni dereva wa greda Port Amity, mtu mpole mwenye shingo nene, na kwa miaka yote ile Verlene alimwita "yule wa kule."

"Dwayne, ni mimi," alisema. "Njoo na greda."

Dwayne akauliza, "La Port Amity, mama?"

"Kwani unalo lingine?"

Huwezi kulitoa greda la rangi ya chungwa Port Amity ukalipeleka Corliss mchana kweupe watu wasijue. Kabla Dwayne hajafika kwenye mpaka, nyuma yake kulikuwa na msafara wa magari, honi na bendera. Wale hawakuwa wamesikia habari za Ozell. Walikuwa wamesikia kwamba mtu wao anakwenda kuikwangua theluji ya Corliss, na wakaona hilo si jambo la kukosa.

Sisi tukatoka na viti. Kwetu ni hivi: ukichimba nafasi ya kuegesha gari lako, unaweka kiti cha kukunja hapo, na nafasi ni yako mpaka theluji iyeyuke. Hakuna mtu anayegusa kiti cha mwenzake. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakisemeshana kupitia wakili kwa sababu ya kiti, na polisi huvizunguka. Port Amity nao wana mila hiyo hiyo, ila ukiwaambia hivyo wataanza kudai wao ndio walioianzisha. Basi tulivipanga viti kutoka relini kuingia Mtaa wa Larkin, safu baada ya safu, vya plastiki, vya turubai, vya bustanini, kimoja cha kanisa, na vingine tukavikalia. Greda likafika relini, likasimama. Dwayne alivitazama viti vile, akazima injini. Mila ni mila.

Verlene alitokea upande wa pili, anachimba. Tulisikia beleshi kabla ya kumwona. Nyuma yake alikuwa anamburuta Ozell juu ya sleji ya watoto, amefungwa mablanketi, kichwa kimeanguka kifuani, na kila pumzi yake tuliisikia. Akafika kwenye kiti cha kwanza. Akachomeka beleshi kwenye theluji, akatutazama mmoja mmoja. Wengi wetu alitupeleka shule kwenye basi lake na kututeremsha mlangoni kwa mama zetu.

"Kiti kinakaa mahali ambapo mwenyewe amechimba," alisema. "Ndiyo ilivyo, au nimekosea? Haya. Kila mwenye kiti anionyeshe alipochimba."

Ni kweli kabisa kwamba hatukuwa tumechimba. Tangu Januari tulikuwa tumekuja pale tumevaa viatu vya kawaida.

Akaanza kuvikunja. Alivikunja polepole, kwa heshima, akaviegemeza kando, asivunje hata kimoja, na aliyekuwa amekalia alisimama mwenyewe kabla hajafikiwa. Mtu mwingine angevisogeza ili greda lipite, tungempiga. Lakini yeye ndiye peke yake aliyechimba pale, na kwa hiyo barabara ilikuwa yake, toka mlangoni mpaka relini. Hilo kila mtu wa Corliss analijua.

Kiti cha mwisho kilikuwa cha Stan. Alikuwa amekikalia, rula mapajani, uso umemshuka.

"Bi Verlene," alisema, "tumebakiza inchi nne kuwapita."

"Stan, wewe umechimba wapi?"

Stan alitazama glavu zake. Zilikuwa safi. Akainuka, akakikunja kiti mwenyewe, akakiweka pamoja na vingine.

Dwayne akawasha injini, akatoa kichwa dirishani. Nyuma yake watu wa Port Amity walikuwa wanashangilia. "Nishushe chuma, mama?"

Verlene aligeuka akaitazama ile theluji. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilikuwa theluji bora kuliko zote tulizowahi kupata, na jaketi la Corliss alikuwa amelivaa. Kisha akamtazama Ozell.

"Shusha, mwanangu."

Dwayne alishusha. Alilima kutoka relini mpaka kwenye ngazi za Verlene, akirudi na kwenda, mchanga ukaonekana, lami ikaonekana, na ubao wa Stan akauzunguka kwa uangalifu wa mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Ardhi ilitetemeka mpaka vioo vya nyumba vikalia. Halafu akampandisha Ozell kwenye greda, akampeleka kliniki. Ozell, midomo ya kijivu, alimnong'oneza Verlene kwamba akifa ndani ya gari la Port Amity hatamsamehe. Hakufa. Jioni aliletwa uvimbe umepungua, akaomba chakula, akalalamika hakina chumvi.

Stan alipima. Alipima mara ya pili, akaita mtu mwingine aje naye apime. Theluji ya ubaoni haikuwa imeshindilika hata unywele. Port Amity walikoma kushangilia, wakaondoka. Kesho yake, Jumapili, Stan alikwenda nyumbani kwa Meya akamweleza kwamba greda limepita, mtikisiko umetokea, na inchi ziko palepale. Meya alimshukuru sana. Alisema huo ni ushahidi muhimu na utazingatiwa njia za magreda zitakapopitiwa upya.

Jumatatu Halmashauri ilipitisha kwa kauli moja kwamba greda la mji mwingine ni marufuku kuvuka mpaka wa Corliss wakati wa shindano. Jumatano Dwayne aliliacha lake mpakani, akaja kwa miguu na beleshi begani. Alimkuta Stan tayari yuko pale, kazi ya upimaji amemwachia binamu yake, anachimba vibaya, mgongo umempinda. Wakachimba watatu. Haikuzungumzwa saladi ya viazi wala taa za barabarani. Njia ilipofika relini, Stan alifungua kiti chake akakiweka kando yake, na hakuna aliyemuuliza.

Magreda yetu yalikuwa yanapita mitaa mikavu siku zote hizo. Madereva walipunga mkono kabla ya kugeuza.

Tulishinda. Mwisho wa Aprili tuliwapita Port Amity, na niliona wanaume wazima wakilia uwanjani mbele ya halmashauri, nami machozi yalinitoka, sikatai. Bendi ya shule ilipiga. Meya alimwita Verlene jukwaani, akamwita mama wa mji, akampa Beleshi la Shaba alishike apigwe picha. Verlene alilishika. Alilipima uzito mkononi, akaukagua mpini, akasema asante, akashuka nalo ngazi upande wa pili, akavuka uwanja, akaenda nalo nyumbani. Tulidhani ni sehemu ya sherehe, tukapiga makofi.

Mei ilipokuja watu wa Corliss walivaa kaptula na kuwasha majiko ya kuchomea nyama nje. Larkin theluji iliendelea kuanguka. Binamu yake Stan alikuwa amekwisha kuondoa ubao, maana msimu wa shindano umefungwa na inchi za Mei hazihesabiki popote, na wa kuja kutazama hakuwepo tena. Verlene alipiga simu kuulizia greda. Aliambiwa magreda yameingizwa bohari mpaka Novemba, na kwamba njia zinapitiwa upya.

Wiki hiyo halmashauri nao walimpigia. Kijana wa ofisini, mwenye adabu sana, alisema kabati la kioo liko tupu na watoto wa shule wamekuja kulitazama beleshi. Akaomba Bi Verlene alirudishe.

"Njooni mlichukue," Verlene alisema. "Niko nyumbani."

Kijana alikwenda kuuliza, akarudi kwenye simu. Alisema samahani, ameambiwa huko kwa Bi Verlene gari halifiki, greda halipiti.

"Najua," alisema Verlene, akakata simu.

Kisha akafunga kitambaa, akavaa buti, akatoka. Beleshi lake la zamani lilikuwa limevunjika mpini tangu Machi. Stan na Dwayne walikuwa wameanza upande wa relini; yeye akaanza ngazini kuwafuata. Shaba ni laini. Alipofika katikati ncha ilikuwa imepinda, akaiweka gotini akainyoosha, akaendelea kuchimba, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, Ozell alikuwa amekwisha kuvaa koti, na gari la kliniki lilikuwa linasubiri pale linapogeuzia.